Maswali ya kupanda cheo chuoni: tuanze na hayo majarida ya siku 5

Mmeandika wengi mara hii, na nusu ya maswali yanarudi palepale kwenye majarida ya kulipia. Nitalijibu mara moja kwa urefu halafu twende kwa mengine.

Lekchara, Kampala: Jarida limeniandikia imeili kwamba makala yangu itatoka ndani ya siku 5 nikilipa dola 150. Lina ISSN na impact factor. Litahesabika nikiomba mhadhiri mwandamizi?

Usilipe. Jamani, makala inatakiwa isomwe na watu wawili watatu wanaoijua hiyo fani, warudishe maoni, wewe ukae urekebishe, mhariri asome tena, sasa hiyo kazi ya miezi inafanyika vipi kwa siku 5? Hakuna aliyesoma. Na ISSN si cheti cha ubora, ni namba ya kutambulisha chapisho tu, hata gazeti la udaku linaweza kuwa nayo. Impact factor yenyewe, yaani kipimo cha jinsi makala za jarida zinavyonukuliwa, inatolewa na kampuni ya Clarivate, hizo zingine ni watu wamejitungia majina yanayofanana nayo ili wewe usishtuke.

Kuna wabaya zaidi wanaochukua jina la jarida la kweli, na ISSN yake, na kulifungulia tovuti bandia. Kwa hiyo usifuate linki uliyotumiwa kwenye imeili. Ingia mwenyewe Scopus, ile hifadhidata ya machapisho ya kitaaluma, orodha ya majarida yao inaangaliwa bure, tafuta jarida, angalia kama bado wanaliingiza au walishaliacha, maana kuna yaliyokuwemo na yakatolewa. Kuna DOAJ pia kwa yale ya kusomwa bure, na kwa ya Afrika kuna AJOL, ipo tangu 1998, tena majarida yake yanapewa nyota kulingana na yanavyoendeshwa. Ile orodha ya majarida ya kitapeli ya Jeffrey Beall mnayoendelea kutumiana WhatsApp aliifunga Januari 2017, msiitegemee peke yake.

Kinachoniuma ni hiki. Umezunguka Karamoja na dodoso zako miaka miwili, boda umelipa kutoka mfukoni, watu wamekupa muda wao na siri zao, halafu unaitupa hiyo kazi mahali ambapo hakuna mtu wa maana ataisoma. Huwezi kuipeleka kwingine kwa sababu imeshachapishwa, na ukiomba waitoe wanakudai hela tena. Nimekaa kwenye kamati ya kitivo tukipitia maombi, nimeona mtu mwenye makala 14 anabaki na 3 baada ya kuchujwa, na mwenzake mwenye 6 za uhakika anapita. Yule wa 14 alikuwa anafanya kazi kwa bidii kuliko wote pale. Hela hiyo ya dola 150 hata huihitaji, wachapishaji wengi wakubwa wana msamaha wa ada kwa waandishi wa nchi kama Uganda, ila uombe wakati unawasilisha makala, usingoje mpaka ikubaliwe ndiyo uanze kulia.

Msaidizi wa mhadhiri, Lira: Niko elimu, nina masters na miaka 9 ya kufundisha. Naweza kuruka hadi mhadhiri mwandamizi bila PhD?

Hapana. Udaktari wa tiba una mpangilio wake, lakini wewe unasema uko elimu. Jisajili PhD mwaka huu, miaka 9 ni mingi.

Kijana, Soroti: Naomba unitumie orodha ya mahitaji yote ya promosheni.

Sitatuma, na wengine 11 mlioomba hivyohivyo pia sitawatumia. Hakuna orodha moja ya Uganda nzima. Baraza la Taifa la Elimu ya Juu linasimamia viwango vya jumla, lakini kila chuo kina sera yake iliyopitishwa na baraza la chuo, pointi zake, miaka yake, aina ya machapisho inayoyakubali. Nenda ofisi ya rasilimali watu ukaombe nakala, na uhakikishe ni ile inayotumika sasa, maana zinabadilishwa na kuna watu wanaandaa maombi kwa sera iliyokufa.

Mhadhiri, Mbarara: Nilisimamia tasnifu ya mwanafunzi wa masters. Tukitoa makala jina langu linaweza kutangulia?

Kazi ni yake, atangulie yeye. Wewe unaingia kama ulichangia kwelikweli wazo au uchambuzi, ukaandika au kuirekebisha rasimu, ukaikubali ya mwisho, na uko tayari kuijibia ikihojiwa. Kusaini fomu za usimamizi peke yake hakukupi uandishi. Na wale mnaochapisha tasnifu za wanafunzi bila hata kuwaambia, huo ni wizi, nauita hivyo na sitatafuta neno laini. Mwanafunzi akilalamika miaka 5 baadaye akiwa na rasimu zake kwenye imeili, cheo ulichopanda kwa makala hiyo kinakuwa mashakani. Kusimamia wanafunzi hadi wamalize kuna pointi zake kwenye sera nyingi, chukua hizo, zinakutosha.

Mama wa watatu, Gulu: Nilipewa barua ya kupandishwa miezi 8 iliyopita, mshahara ni uleule. Nifanye nini?

Pole dada. Chuo cha serikali kinaweza kukupandisha, lakini mshahara unatoka hazina, na kama nafasi hiyo haikuwekewa fungu kwenye bajeti ya mishahara ya mwaka huo unabaki na barua tu. Andika rasmi kwa rasilimali watu, uulize kama nafasi yako imeingizwa kwenye makadirio ya mwaka ujao wa fedha, maana mwaka wa serikali unaanza Julai na mipango inafanywa mapema sana, ukiuliza Juni umechelewa. Tunza tarehe iliyo kwenye barua kwa ajili ya malimbikizo. Na tafadhali, usiende kukopa sacco ukitegemea mshahara ambao haujaingia.

Mwalimu wa Kiswahili, Kampala: Makala zangu ni za Kiswahili. Mwenzangu anasema nizitafsiri nizichapishe upya kwa Kiingereza, la sivyo hazihesabiwi.

Asikudanganye. Kwanza kutafsiri makala ileile na kuihesabu mara mbili ni kosa, utachafua faili lako zima. Pili, soma sera ya chuo chako, kwa kawaida inadai makala iwe imepitiwa na wataalamu, haidai iwe ya Kiingereza. Jarida liitwalo Kiswahili na lile la Kioo cha Lugha, yote ya TATAKI, taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Swahili Forum ya Ujerumani, haya ni majarida yanayojulikana. Katiba yetu ilirekebishwa 2005 Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, baraza la mawaziri 2022 likaamua kifundishwe shuleni kwa lazima, halafu mtu anayekiandikia utafiti aambiwe kazi yake haionekani? Mimi hilo silikubali hata kidogo.

Ila tusiwape kisingizio. Wajumbe wengi wa bodi ya uteuzi inayoamua vyeo hawasomi Kiswahili, kwa hiyo ambatisha ikisiri ya Kiingereza ya kila makala, na kama chuo chako kinakuruhusu kupendekeza watathmini wa nje, pendekeza watu wa Dar, Nairobi au Zanzibar wanaoijua fani, ambao hamjaandika pamoja.

Mhadhiri, Mbale: Bodi ya uteuzi imenikatalia bila kuniambia sababu.

Omba uamuzi na sababu kwa maandishi wiki hii. Sheria ya vyuo vikuu ya 2001 imeweka mahakama maalumu ya wafanyakazi wa chuo ya kusikiliza rufaa dhidi ya bodi hiyo, lakini bila barua mkononi huna cha kupeleka. Usianze na kulalamika kwenye grupu la idara.