Nimeshanunua mashine na diski, ada ya mtandaoni ni ya nini?

SWALI: Ndugu Mhariri, mwaka jana nilimnunulia mwanangu mashine ya gemu, na juzi nikamwongezea diski ya mpira. Bando la intaneti nalilipia mimi. Sasa ananiambia kwamba ili acheze na binamu yake aliyeko Muscat, ni lazima nilipe ada nyingine kwa watengenezaji wa mashine. Je, hii ni haki?
Mzazi, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, ada hiyo ilianzishwa na Microsoft mnamo Novemba 2002, walipofungua Xbox Live, huduma ya kucheza mtandaoni kwa mashine yao ya Xbox, kwa takriban dola 50 kwa mwaka. Wakati ule ilikuwa rahisi kuitetea, kwa kuwa kumtafutia mtu wa kucheza naye na kumwezesha kuzungumza naye kwa sauti, akiwa sebuleni kwake, lilikuwa jambo geni. Sony hawakutoza: mwenye PlayStation 3, iliyotoka mwaka 2006, alicheza mtandaoni bure, na hata PlayStation Plus, huduma yao ya kulipia, ilipoanza mwaka 2010 ilikuwa ya hiari. Sharti la kulipa lilikuja na PlayStation 4 mwaka 2013. Nintendo nao wakafuata Septemba 2018, wenye mashine yao ya Switch wakiwa wamekwisha kucheza bure kwa mwaka mmoja na nusu.

Ndiyo maana sishawishiki sana ninapoambiwa kwamba ada hii ni ya kugharimia seva, yaani kompyuta kuu zinazowaunganisha wachezaji. Mwenye kompyuta ya Windows hununua mchezo uleule wa mpira, EA Sports FC, na kuingia mtandaoni bila ada ya namna hiyo, ilhali seva za mchezo huo zinaendeshwa na EA, kampuni iliyoutengeneza, si na mtengenezaji wa mashine. Katika Mario Kart 8 Deluxe, mchezo wa mbio za magari wa Nintendo, ajabu huzidi, kwani mashine za wachezaji huunganishwa moja kwa moja wakati wa mbio, hivyo kazi kubwa inafanywa na bando lako mwenyewe.

Ni kweli kwamba mlipaji wa PlayStation Plus hupewa pia michezo kila mwezi, ingawa ada ikikatika michezo hiyo hufungwa hadi alipe tena. Hiyo naiona biashara halali, maana asiyeitaka angeweza kuiacha. Kisicho haki, kwa maoni yangu, ni kutia ndani ya kifurushi hichohicho ruhusa ya kutumia mtandaoni diski uliyokwisha kuilipia, kisha bei ikapandishwa, kama ilivyokuwa Marekani Septemba 2023, ilipotoka dola 59.99 hadi 79.99 kwa mwaka. Microsoft walipotangaza nyongeza kubwa Januari 2021, wachezaji walipiga kelele hadi ikafutwa siku hiyohiyo, na miezi michache baadaye michezo ya bure ikaondolewa sharti la ada.

Ikiwa mashine yako ni PlayStation, jaribuni kwanza eFootball, mchezo wa mpira ambao hupakuliwa bure na kuchezwa mtandaoni bila ada. Wakiing'ang'ania diski, ujue kwamba binamu naye atalazimika kulipa kwake. Katika hali hiyo, lipia mwezi mmoja wa likizo tu, uzime malipo ya kujirudia siku hiyohiyo, na uhakikishe kwamba mashine imewekwa kuwa ya msingi kwa akaunti iliyolipiwa, ili ada moja iwatoshe watoto wote wa nyumbani wanaoitumia.