Umeasiliwa na unatafuta kumbukumbu za kuzaliwa kwako? Usiombe "faili langu"

Maombi mengi hukwama kwa sababu mwombaji ameandika tu "naomba faili langu". Faili hilo halikai mahali pamoja. Kwa kawaida kuna kumbukumbu tatu: cheti cha kwanza cha kuzaliwa, kilicho kwa msajili wa vizazi, jalada la kesi ya kuasili, lililo mahakamani, na faili la wakala au ofisi ya ustawi wa jamii iliyosimamia shauri. Hilo la mwisho ndilo lenye utajiri: ripoti, barua, sababu za mtoto kutolewa, pengine hata picha. Omba kila moja kwa barua yake. Kunyimwa moja si kunyimwa zote.

Kabla ya kuandika, jua sheria ipi inakuhusu. Ni ya mahali ulipozaliwa na ulipoasiliwa, si ya unapoishi leo. England na Wales unaruhusiwa kuomba cheti cha kwanza ukifika miaka 18, ila aliyeasiliwa kabla ya tarehe 12 Novemba 1975 na hajui jina lake la awali lazima kwanza aonane na mshauri. Scotland ni miaka 16. Ireland nayo ni 16, kwa sheria ya mwaka 2022. Marekani kila jimbo lina lake: Kansas na Alaska hazijawahi kuwafungia watu wazima vyeti vyao, New York ilifungua Januari 2020, na yapo majimbo ambayo bado yanadai amri ya mahakama.

Kwenye barua taja jina unalotumia sasa, majina ya wazazi waliokuasili, tarehe na mahali pa kuzaliwa, na mahakama iliyotoa amri kama unaijua. Ambatisha nakala ya kitambulisho. Ikiwa umebadili jina baadaye, kwa ndoa kwa mfano, weka hati inayounganisha majina hayo. Bila hiyo karani hawezi kuthibitisha kuwa ni wewe, na barua itarudi. Kama ofisi ya wakala ilifungwa zamani, uliza mafaili yalihamishiwa wapi. Mara nyingi hupewa serikali ya mtaa, wakala mwingine au hifadhi ya nyaraka.

Usishangae ukipokea kurasa zenye mistari iliyofutwa kwa wino mweusi. Hizo ni taarifa za watu wengine. Usishangae pia cheti kikikosa jina la baba. Mama asipokuwa ameolewa, mara nyingi sehemu hiyo iliachwa wazi. Jina la baba huenda limo kwenye ripoti ya ofisa wa ustawi, ndiyo maana hatushauri kuishia kwenye cheti.

Jambo linalochanganya wengi: mzazi kukataa kuwasiliana na wewe ni tofauti na wewe kunyimwa taarifa. Ireland, kwa mfano, mzazi akisema hataki mawasiliano, unafanyiwa kwanza kikao cha maelezo, kisha unapewa kumbukumbu zako.

Ukikataliwa kwa mdomo, usiondoke hivyo hivyo. Omba jibu la maandishi linalotaja kifungu cha sheria, kwa kuwa rufaa huanzia hapo. Sheria ikikuzuia kweli kupata majina, omba taarifa zisizotambulisha mtu: umri wa wazazi, kazi zao, magonjwa ya kurithi, kama una ndugu. Sehemu nyingi zilizofunga majina hutoa hizo bila kwenda mahakamani.