Nihame Kilimani? Hesabu ya Anayefanyia Kazi Nyumbani

SWALI: Kwa wahariri, salamu. Ninahudumia wateja wa kampuni ya New York kwa kompyuta, nikiwa nyumbani Kilimani, Nairobi. Kodi yangu ya nyumba ni 45,000 kwa mwezi. Nimeona nyumba kama hii Bamburi, Mombasa, kwa 28,000, na rafiki aliye Dar es Salaam ananihimiza niende huko. Je, nitaokoa kweli? – Msomaji, Kilimani

JIBU: Utaokoa ukienda Bamburi, ila si hizo 17,000 zote. Dar tungekushauri usubiri.

Anza na saa zako za kazi, kwa sababu ndizo zinazoamua stima. Saa tatu asubuhi ya New York ni saa kumi jioni hapa, kwa hiyo unamaliza saa sita usiku. Marekani wakirudisha saa nyuma mwanzoni mwa Novemba, unaanza saa kumi na moja na kumaliza saa saba, mpaka Machi. Anayefanya kazi mchana Mombasa wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, hawezi kukwepa kiyoyozi. Kile kidogo cha BTU 9,000 hula uniti 5 hivi kwa saa nane, yaani zaidi ya 100 kwa siku 22 za kazi. Hapo ndipo watu huumia: wastani wa miezi mitatu ukipita uniti 100 kwa mwezi, unapandishwa daraja la bei, na uniti zako zote zinatozwa bei hiyo ya juu. Wewe jua likikaribia kuzama ndipo unaanza. Feni ya wati 60 itakutosha, na haifikishi uniti 12 kwa mwezi.

Maji yachunguze kabla ya kulipa amana. Visima vingi vya Pwani vina maji ya chumvi, na mfereji haufunguki kila siku. Mwulize keateka siku za maji na ukubwa wa tangi, kisha onja maji ya bomba mwenyewe. Tenga 2,000 kwa mwezi za mitungi ya maji. Ukija Nairobi mara moja kwa mwezi, treni daraja la kawaida ni 1,500 kwenda na 1,500 kurudi. Toa hizo zote, pamoja na shilingi mia chache za feni, unabaki na 11,000 na ushei. Hiyo bado ni pesa nzuri.

Kinachotutia wasiwasi zaidi ni stima kupotea saa nne usiku ukiwa kwenye simu na mteja, wakati mikahawa imefunga. Betri ndogo ya ruta (kile kifaa cha intaneti) iliyoandikwa 10,000 mAh hubeba wati-saa 37 tu. Ruta ikila wati 10 utapata saa tatu, wala si nane kama wauzaji wanavyodai. Tena haitakusaidia lolote ikiwa kisanduku cha faiba cha jengo, kinacholeta intaneti, kinategemea stima hiyo hiyo. Siku ya kuangalia nyumba, mwombe keateka akuonyeshe kisanduku hicho kilipo na kimeunganishwa na nini. Kama hakina jenereta wala betri, weka bando la simu la akiba, la mtandao tofauti na ule wa faiba yako. Simu ya video hula gigabaiti moja hadi moja na nusu kwa saa.

Sasa Dar. Wenye nyumba wengi huko hudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, wengine mwaka, na dalali huchukua kodi ya mwezi mmoja. Kwa nyumba ya thamani ya shilingi zetu 40,000, unatoa 280,000 kabla hujanunua godoro. Nairobi ungeingia kwa 80,000, kodi na amana. Isitoshe, Mkenya huingia kwa pasi ya mgeni ya muda maalumu, na pasi hiyo si kibali cha kazi. 

SWALI: Nikikaa Kigali miezi mitano, nitaepuka kodi ya mapato ya KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya? – Msomaji, Roysambu

JIBU: Hapana. Ukiwa na makazi ya kudumu Kenya na ukawa nchini hata siku moja ya mwaka huo, wewe ni mkaazi kwa sheria ya kodi, na mshahara wako unatozwa hata ukilipwa kutoka ng'ambo. Mwajiri wa nje asiyekata PAYE, ile kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara, anakuachia mzigo wewe. Wengi husubiri Juni 30 walipe yote, wakakuta faini. Kama kodi yako ya mapato ya mwaka inazidi 40,000, ilipe kwa awamu: tarehe 20 ya Aprili, Juni, Septemba na Desemba. Kuingia Rwanda, kitambulisho kinatosha. Kumbuka kurudisha saa moja nyuma, usije ukafika mkutanoni mapema.