Nyamazisha intarapti kwanza, ndipo ufute kazi uliyoiahirisha

Draiva (programu inayoendesha kifaa) yangu ya kwanza ya Linux ilisoma mita ya maji. Maji yakipita kiasi fulani, sumaku iliyomo ndani ya mita hufunga swichi ndogo, na prosesa hupata intarapti, yaani ishara ya kuikatiza kazi yake ili ishughulikie kifaa. Swichi hizi hutetemeka zinapofunga: mguso mmoja huonekana kama mitano au sita ndani ya milisekunde chache. Nilitaka nisubiri milisekunde 20, swichi itulie, ndipo nisome.

Nikaweka msleep(20), yaani lala milisekunde 20, ndani ya funksheni ya intarapti. Kerneli, kiini cha Linux, ikapiga kelele papo hapo: "scheduling while atomic". Ndani ya intarapti hakuna kulala, maana umeazima muda wa programu nyingine iliyokatizwa njiani. Kwa hiyo usiguse mutex (kufuli ambayo anayeisubiri hulala), wala usiombe kumbukumbu kwa GFP_KERNEL, ambayo nayo yaweza kulala. Hata mdelay, ambayo hailali, si dawa. Inaishikilia prosesa muda wote huo bure.

Dawa ni kuahirisha. Andaa kazi yako kwa INIT_DELAYED_WORK kabla hujaomba intarapti, kwa sababu inaweza kuingia mara tu unapoiomba. Muda uandike msecs_to_jiffies(20). Ukiandika 20 tupu, kwenye kerneli yenye HZ (mapigo ya saa yake kwa sekunde) ya 100 umeomba milisekunde 200.

Kisha chagua namna ya kuipanga kazi hiyo. schedule_delayed_work haifanyi lolote kazi ikiwa tayari inasubiri, kwa hiyo muda unahesabiwa tangu mtetemo wa kwanza. mod_delayed_work huanza kuhesabu upya kila mtetemo, na kwa swichi ndiyo ninayoitaka. Zote mbili ni salama kuitwa ndani ya intarapti. gpio_keys, draiva ya vitufe iliyomo ndani ya Linux yenyewe, hutumia hiyo ya pili.

Lililonitesa wiki nzima ni kuondoa draiva. Nikiandika rmmod, amri ya kuiondoa, mara nyingi ilitoka salama, mara chache mashine ilianguka, na daima punde tu baada ya mimi kuamini mambo yamekwisha. Nilikuwa nimeita cancel_delayed_work_sync, inayofuta kazi iliyoahirishwa, ndani ya remove, funksheni ya draiva inayoitwa inapoondolewa. Lakini intarapti niliiomba kwa devm_request_irq (vitu vya devm kerneli huviachilia yenyewe), na hiyo huachiliwa baada ya remove kumalizika! Maji yakipita katika upenyo huo, intarapti inaingia na kuipanga tena kazi niliyokwisha kuifuta. Muda unapotimia, kerneli inaita msimbo ambao haumo tena kwenye kumbukumbu.

Sasa naita devm_free_irq, inayoiachilia intarapti, kwanza. Nayo husubiri funksheni ya intarapti imalize kama bado inakimbia. Baada ya hapo ndipo nafuta kazi. Kerneli za miaka ya karibuni zina pia devm_delayed_work_autocancel, inayofuta kazi yenyewe: isajili kabla ya intarapti, kwa kuwa vitu vya devm hufunguliwa kwa kurudi kinyumenyume. Na usiite cancel_delayed_work_sync huku umeshika mutex ambayo kazi yenyewe inaihitaji. Utaisubiri kazi, nayo itakusubiri wewe, na hakuna atakayetoka.

Ili kujaribu, washa vipimo vya makosa vya kerneli, CONFIG_DEBUG_ATOMIC_SLEEP na CONFIG_DEBUG_OBJECTS_TIMERS. Mimi hupitisha sumaku mbele ya swichi kwa mkono mfululizo, huku skripti ikipakia na kuondoa draiva mara 1,000. Toleo langu la zamani halikufika hata mia.