Kabla hujamwachisha mama metfomini, mtafute panya

Mkuu, acha. Hiyo Jumatatu unayosema utamwachisha mama metfomini, vidonge vyake vya kisukari, aanze unga wa mlonge, ifute. Salamu tutapeana baadaye.

Nimeona picha ya habari uliyoweka: "Chuo kikuu chathibitisha mlonge unatibu kisukari." Nilivyoiona tumbo lilinikata, maana ni kama umeitoa kwenye simu yangu ya mwaka 2019. Nilikuwa na habari ya namna hiyohiyo, hadi picha ya jani la kijani juu ya kijiko cha mbao.

Mzee wangu yuko Korogwe. Wakati huo alikuwa na kisukari aina ya pili mwaka wa tisa, anameza metfomini asubuhi na jioni, sukari inacheza kwenye 8, 9, siku ya pilau 11. Kero yake ilikuwa moja tu, kwamba vidonge vinamvuruga tumbo. Shemeji yangu akairusha ile habari kwenye grupu la familia na maneno "hata wasomi wamekubali". Sasa kwetu likishatamkwa neno "chuo kikuu" mjadala umefungwa. Wakanigeukia mimi niliyesoma. Nina diploma ya ununuzi na ugavi, mkuu. Sijui iliniruhusu wapi kutoa hukumu juu ya kongosho la mtu. Nikasoma kichwa cha habari na aya mbili, nikaandika "iko vizuri hii".

Nikampata muuzaji mtandaoni, anajiita daktari, kavaa koti jeupe na kifaa cha kusikilizia mapigo ya moyo shingoni. Anauza unga! Moyo wa nani anausikiliza, wa kopo? Makopo sita, laki mbili na arobaini. Halafu akanipa lile neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka natamani kumtafuta: "Dawa za hospitali zinagombana na mlonge, mwachishe kwanza mwili usafike."

Sikiliza mtego ulivyo. Wiki ya kwanza mzee akachangamka kweli. Tumbo likatulia, akala vizuri, grupu likajaa mikono ya kushukuru. Tumbo lilitulia kwa sababu metfomini imeondoka, basi. Sisi tukasoma kwamba anapona. Na kwa kuwa anapona, vipande vya kupimia sukari vilipoisha nikasema vya nini tena, tusipoteze hela. Niliandika hivyo kwa mkono wangu, ujumbe bado ninao.

Wiki ya tatu bi mkubwa anasema mzee anakunywa maji kama ng'ombe na usiku anatoka mara sita. Nikampigia muuzaji. "Hiyo sumu inatoka, ongeza kijiko." Tukaongeza. Wiki ya tano napiga simu nyumbani, mzee ananiita kwa jina la marehemu kaka yake. Kijana wa jirani akaja na mashine ya shangazi yake, akampima, akaniambia, "Kaka, imeandika HI." Nikamuuliza inamsalimia nani. Ndugu yangu, mashine nyingi zikiandika hivyo maana yake sukari imepita 33.3, namba zimewaishia.

Siku kumi na mbili wodini, dripu na insulini. Na walipomvua soksi wakakuta kidonda kwenye kidole kidogo cha mguu wa kushoto ambacho hakuna aliyejua kipo, maana miguu ilishakuwa na ganzi. Kidole kilikatwa. Kusafisha kidonda ilikuwa miezi minne, pikipiki yangu nikaiuza. Mzee mwenyewe anatania kwamba dukani wampunguzie bei ya kiatu cha kushoto. Mimi bado sijaweza kucheka.

Kule wodini kulikuwa na daktari kijana wa mafunzo, hakunigombeza, na ndiyo iliuma zaidi. Aliniuliza tu, "Mlisoma wapi?" Nikamwonyesha. Akatafuta kwenye simu yake akafungua utafiti mmoja wa namna hiyo, wa Chuo Kikuu cha Allahabad, India, wa mwaka 2009, akanipa nisome sehemu ya jinsi walivyofanya. Panya. Utafiti wenyewe haukuficha, panya wako wazi kabisa. Na si panya waliougua wenyewe. Walidungwa streptozotosini, kemikali inayoua zile seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Mzee wangu insulini alikuwa nayo, mwili wake ndio ulikuwa umeacha kuisikiliza. Kisha wakanyweshwa maji yaliyotolewa kwenye majani, miligramu 200 kwa kila kilo ya uzito. Sisi tulikuwa tunakoroga unga kwenye uji kwa kijiko cha chai. Na hakuna hata panya mmoja aliyekuwa kwenye metfomini kisha akaachishwa!

Nikamuuliza, kwa watu je? Akasema upo wa Thailand wa mwaka 2017: wagonjwa 32 wa kisukari aina ya pili ambao walikuwa hawajaanza dawa, nusu wakapewa vidonge vya mlonge gramu 8 kwa siku, nusu vidonge bandia visivyo na dawa ndani, wiki nne. Sukari haikuonyesha tofauti ya maana. Basi. Huo haukufika kwenye grupu la familia, nani atarusha habari ya "mlonge haukufanya kitu"?

Shemeji nilimsamehe, ingawa kwenye harusi ya juzi sikukaa meza yake. Muuzaji alibadilisha namba. Ila hasira yangu nyingine ni ya vitengo vya habari vya vyuo, na hii si ya kwangu peke yangu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff walichapisha mwaka 2014 kwenye jarida la kitabibu la BMJ uchunguzi wa taarifa 462 ambazo vyuo vikuu 20 vikubwa vya Uingereza vilivipa vyombo vya habari. Katika zile za utafiti wa wanyama, asilimia 36 zilizungumza kama vile matokeo ni ya binadamu. Taarifa ya chuo ikishatia chumvi hivyo, asilimia 86 ya habari zilizotokana nayo nazo zilitia chumvi. Chuo kisipotia, ni asilimia 10 tu. Tulikuwa tunawatukana waandishi wa habari bure, uongo ulikuwa unapikwa chuoni kwenye jiko la gesi. Kuna mtafiti anaitwa James Heathers, mwaka 2019 alifungua akaunti ya Twitter ambayo kazi yake yote ilikuwa kuchukua habari za namna hii na kuongeza maneno mawili: kwa panya.

Na usiniambie mimi napinga dawa za asili, najua watakuja hapa chini. Metfomini yenyewe chimbuko lake ni mmea, Galega officinalis. Jean Sterne akaripoti kuitumia kwa wagonjwa mwaka 1957 kule Ufaransa, na utafiti mkubwa wa kisukari wa Uingereza ulioongozwa kutoka Oxford ulifuata wagonjwa zaidi ya 5,000 kwa miaka mingi hadi matokeo yalipotoka 1998. Watu, mkuu. Waliohesabiwa. Mimi mwenyewe mwaka 2011 nilikuwa nimeshajipanga kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kile kikombe cha dawa ya mitishamba ya Babu kwa shilingi 500, gari tu ndilo liliharibika, kwa hiyo sijifanyi mjanja.

Nachokuomba ni kimoja: mtafute panya. Usisome habari, fungua utafiti wenyewe, nenda pale wanapoeleza walichofanya. Ukikuta panya, sungura au seli kwenye kisahani, funga simu, mama aendelee na dawa yake. Ukikuta watu, wahesabu. Angalia walilinganishwa na nani, na kama waliachishwa dawa zao au waliongezewa tu. Mlonge kama mboga apikiwe, hata mzee wangu anakula, lakini unapokuwa unga wa kila siku daktari wake ajue. Na kama tatizo la mama ni tumbo kama la mzee, kamwambie huyohuyo daktari, kuna metfomini inayoyeyuka polepole. Sisi hatukuuliza hata siku moja.

Mpime mama leo jioni hata kwa mashine ya kuazima, uandike namba hapa. Na weka jina kamili la huo utafiti, mimi nitakuhesabia panya.