Kwaya ya watu 45 kwenda Isimila, Kalenga, Kitulo, Ngozi na Kimondo: mambo ya kupanga kabla basi halijaondoka

Mkuu, swali lako nimelielewa hivi: kwaya ya watu 45, basi moja, mwezi Februari. Mnaanzia Iringa kwa Isimila na Kalenga, kisha Kitulo, Ziwa Ngozi (ziwa la ndani ya kreta ya volkano), Daraja la Mungu (daraja la asili la mwamba) na Kijungu (shimo la mwambani mtoni), na Kimondo cha Mbozi muda ukiruhusu. Unataka kujua mjiendeshe vipi msiharibu kitu na msiwaudhi wenyeji. Nitafuata mtiririko wa safari yenu.

Kwanza kabisa, maeneo haya yanaharibiwa zaidi na wingi kuliko na watu wabaya. Mtu mmoja akiokota kijiwe, akichuma ua moja, akikata kona moja ya njia, haonekani amefanya kitu. Watu 45 wakifanya hivyo hivyo ndani ya saa moja, alama inabaki. Kwa hiyo gawaneni mapema makundi matatu ya watu 15, kila kundi na kiongozi wa mbele na mtu wa nyuma anayehakikisha hakuna aliyebaki wala kilichoachwa. Na maelezo yatolewe ndani ya basi, mkiwa bado mmekaa. Mkishashuka, kila mtu na simu yake, hakuna atakayekusikiliza. Toeni sababu pamoja na katazo, kwa sababu mtu mzima akijua kwa nini, anajizuia hata mwongozaji akigeuka.

Mawasiliano na kila eneo yafanyike siku kadhaa kabla, mkitaja idadi na saa ya kufika. Maeneo mengi ya serikali hayapokei fedha taslimu mlangoni. Mnapewa namba ya malipo, mnalipa kwa simu au benki, na mnapata risiti. Mtu akiwaambia "nipeni mkononi, niwapunguzie", kataeni kwa heshima. Fedha isiyo na risiti haichongi ngazi wala haijengi choo.

ISIMILA. Iko kama kilomita 20 kutoka Iringa mjini, kando ya barabara kuu ya Mbeya. Kilichoipa umaarufu ni zana za kale za Enzi ya Mawe, za aina ambayo wataalamu huiita utamaduni wa Acheul, hasa mashoka ya mkono, zilizochimbuliwa na kuchunguzwa na timu ya mtafiti Clark Howell mwaka 1957 na 1958. Mabaki ya viboko wa kale yalipatikana pia. Zana nyingine mtaziona zimelala juu ya ardhi, na hapo ndipo mtihani ulipo.

Wengi wanadhani kosa ni kuondoka na jiwe tu. Hata kulihamisha ni kosa. Mtaalamu hasomi jiwe peke yake, anasoma limelala wapi, kwenye tabaka gani la udongo, limepakana na nini, limeelekea wapi. Mkilinyanyua mpige nalo picha halafu mkaliweka hatua tatu pembeni, jiwe lipo lakini habari yake imekufa, na hakuna wa kuirudisha. Mwongozaji ana mawe ambayo anaweza kuwapa mshike. Hayo yanatosha. Kuondoka na zana ni kosa pia chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, kwa hiyo yule anayesema "nampelekea mwanangu" aambiwe hivyo mapema.

Zile nguzo ndefu za korongoni zinaonekana kama mwamba mgumu, kumbe ni mchanga ulioshikana tu, na ni maji ya mvua yaliyozichonga. Ukipitisha ufunguo, unatoka na unga. Msizipande, msiziegemee kwa kundi, msichonge majina. Jina moja huita mengine: mgeni akikuta "Juma & Asha" anaona pameshakuwa mahali pa kuandika. Na mkiona kikundi cha shule kinachonga, mwambieni mwalimu wao au mwongozaji, msianze ugomvi.

Februari ni mvua. Korongo ni njia ya maji, na maji yanaweza kuja kutoka juu wakati ninyi mlipo jua linawaka. Mwongozaji akisema tutoke, mtoke hapo hapo, hata kama sauti ya nne haijapiga picha. Ingieni kundi kwa kundi, wengine wasubiri juu kwenye kivuli. Viatu viwe vya kufunika mguu na soli yenye meno. Ndala zinateleza, na anayeteleza hujishikiza kwenye ukuta wa korongo na kuubomoa.

KALENGA. Hapa badilisheni mwendo. Mnaingia kwenye makumbusho lakini pia mnaingia kwa marehemu. Fuvu la Mkwawa, mtemi wa Wahehe, limetunzwa pale. Alijiua tarehe 19 Julai 1898 ili asikamatwe na Wajerumani, kichwa chake kikachukuliwa, na kurudishwa kwake kukaandikwa hadi kwenye Mkataba wa Versailles uliofuata Vita Kuu ya Kwanza, kifungu cha 246. Fuvu lilirudi mwaka 1954, likikabidhiwa na Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika. Wajukuu na vitukuu wake wapo hapo hapo kijijini, na huenda anayewapokea ni mmoja wao.

Kwa hiyo kofia zivuliwe, simu ziwe kimya, na picha ya fuvu iombwe ruhusa kwanza. Mkiruhusiwa, piga picha ya kumbukumbu. Kujipiga ukitabasamu na fuvu nyuma yako, hapana, hata kama hakuna aliyekataza. Utani wa makabila, ule wa Wahehe na kujinyonga ambao watu wanaurusha kila mahali, uacheni ndani ya basi. Kwenye makaburi ya ukoo msikae, msikanyage, msiweke mizigo. Salamu ya "kamwene" kwa mzee wa mlangoni itawafungulia maelezo ambayo hayapo kwenye vibao.

Kama mtataka kuona michoro ya mwambani ya Igeleke, karibu na Iringa mjini, sharti kubwa ni moja: msiguse wala msimwagie maji ili rangi ikolee kwenye picha. Maji yanayeyusha chumvi za ndani ya mwamba, yakikauka chumvi inatokeza juu na kuufunika mchoro kwa utando mweupe au kuubandua. Mafuta ya vidole nayo yananasa vumbi. Msicheze wala kurukaruka chini ya ukuta wenyewe, vumbi linapanda.

KITULO. Hifadhi ya taifa tangu 2005, uwanda wa juu wa takribani mita 2,600, wenyewe wanaiita Bustani ya Mungu. Februari mmepatia, maua yanachanua sana kati ya Desemba na Aprili. Ila basi kubwa msilitegemee. Barabara ya kupanda kutoka Chimala kwenda Matamba ni kona kali mfululizo na mvua inaifanya matope. Kodini magari madogo yenye nguvu ya magurudumu manne.

Kuhusu maua nisisitize. Okidi nyingi za pale ni za ardhini. Kila mmea una kiazi chini ya udongo, na kiazi hicho ndicho akiba ya msimu ujao. Kwa miaka mingi viazi hivyo vimechimbwa na kuuzwa, hasa kwenda Zambia, ambako hutengenezwa chakula kiitwacho chikanda. Uchimbaji huo ni sababu kubwa iliyofanya pale pahitaji ulinzi. Sasa mgeni anayeng'oa ua na mzizi wake "akajaribu kupanda nyumbani" anafanya kazi ile ile. Na halioti. Mbegu ya okidi ni kama vumbi, haina chakula ndani yake, inaanza maisha kwa kulishwa na kuvu waliomo kwenye udongo ule ule, na mmea mkubwa nao huendelea kuwategemea. Udongo wa bustani yako hauna kuvu hao. Kuchuma ua bila mzizi nako kunaondoa mbegu za mwaka huo.

Tembeeni kwenye njia, mstari mmoja. Anayetaka picha ya karibu asilale juu ya nyasi: apige kutoka njiani, akuze kwa kamera. Kwenye udongo uliolowa, nyayo za watu 45 wakitembea sambamba zinafungua njia mpya, mvua inaigeuza mfereji. Dereva naye asitoke nje ya barabara kukwepa dimbwi. Aliyekwepa leo anawafanya wengine wakwepe zaidi kesho, na barabara ya mita tatu inakuwa ya kumi. Moto wa aina yoyote, hapana. Chukueni chakula kilichopikwa tayari, na makoti, kwa sababu kule baridi haina utani.

NGOZI. Mnaacha lami ya Mbeya kwenda Tukuyu pale Isongole, na mwongozaji mchukueni kwa utaratibu wa pale mlangoni, msiokote kijana njiani. Njia inapita msituni na kipande cha mwisho ni mwinuko mkali. Udongo wa volkano ukilowa unateleza kama sabuni. Kila mtu awe na lita moja na nusu hadi mbili za maji, fimbo ya kutembelea iliyotoka nyumbani (msikate miti ya msituni), na mikono miwili mitupu. Msikate kona: mizizi mnayoikanyaga njiani ndiyo inayoshika mlima. Mkifika ukingoni, tazameni ziwa kutoka juu. Kushuka hadi majini ni hatari kwa kundi kubwa na kunabomoa ukingo. Asiyeweza kupanda abaki na mwenzake, asiachwe peke yake.

Hapa pia kuna jambo ambalo kwaya nyingi huteleza. Ngozi ina masimulizi na miiko yake kwa Wasafwa na Wanyakyusa, na Rungwe ina misitu ya matambiko ambayo wazee bado wanaitunza. Mgeni akifika akaanza kukemea mapepo kwa sauti, au akawaambia wenyeji kuwa mahali pao ni pa kichawi, amewatukana nyumbani kwao. Mnaweza kuomba, imani yenu haikatazwi, ila ombeni kimya au mkiwa mmerudi. Mkikuta chungu, sarafu, kitambaa au majani yaliyofungwa mahali, msiguse, msipige picha, msiulize kwa kucheka. Kama mzee amekataza kuingia kichakani, jibu ni "ndaga, baba" (asante, kwa Kinyakyusa), na mnageuka. Miiko hiyo ndiyo iliyoacha misitu hiyo imesimama wakati mingine imeshakuwa mashamba.

Haja: tumieni vyoo kabla ya kupanda. Mtu akizidiwa njiani, aende hatua 80 hivi mbali na maji na njia, achimbe shimo la sentimita 15 hadi 20, afukie, na karatasi airudishe kwenye bahasha. Chupa zote zinashuka nanyi, maganda ya ndizi na machungwa pia. Maganda hayaozi haraka kwenye baridi hiyo, na nyani na tumbili wakizoea chakula cha watu wanaanza kunyang'anya mikoba, kisha wanauawa kwa sababu ya kosa la wageni. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019, bebeni magunia mawili ya taka.

DARAJA LA MUNGU NA KIJUNGU. Miamba ya Mto Kiwira ina utelezi wa kijani ambao hauonekani. Kwenye Kijungu maji yanaingia chini ya mwamba, aliyetumbukia hafuatiki. Hakuna kuogelea, hakuna kuruka kutoka jiwe hadi jiwe, na kiongozi asimame ukingoni kabla ya kundi. Kijungu kimo ndani ya eneo la chuo cha Magereza: jiandikisheni getini, fuateni askari mnayepewa, na msipige picha majengo, askari wala wafungwa.

KIMONDO CHA MBOZI. Urefu wa mita tatu hivi, uzito unaokadiriwa tani 16, kiko mkoa wa Songwe siku hizi. Ni chuma, takribani asilimia 90, kilichobaki kikiwa hasa nikeli. Ndiyo maana kila mtu anataka kukigonga asikie mlio, kukikwangua aone kinavyong'aa, au kukipanda. Jasho lina chumvi, na chumvi na unyevu ndivyo vinavyoleta kutu. Ganda jeusi la juu ndilo linalokilinda, ukilikwangua umefungua mlango wa kutu. Alama za kukatwa mtakazoziona ni za zamani, za waliochukua vipande, zisiwe ruhusa ya kuongeza. Zungukeni, tazameni udongo ulivyochimbwa pembeni, simameni nacho kwa picha bila kukiegemea.

Mwisho, kuimba. Isimila na Kimondo mnaweza kuimba eneo la kuegesha magari, bila spika, mkiomba kwanza. Kitulo na Ngozi msiimbe, ndege wa Kitulo wanaotaga kwenye nyasi wanakimbia viota kwa kelele. Mkipenda kuimba kwenye kanisa la misheni kama Tosamaganga, mpigieni paroko wiki moja kabla na msifike wakati wa misa na kamera mkononi. Droni iacheni nyumbani kama hamna kibali cha maandishi. Na chakula cha njiani, mahindi, viazi, parachichi, nunueni vijijini mnakopita, bei ile ile anayolipa mwenyeji.