Nyumba ni mpya, kiwanja je?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi na mume wangu tumepanga Kimara. Tumeonyeshwa nyumba Kinondoni: vyumba vitatu, paa la kuficha, tailizi kila mahali, haijafikisha hata miaka mitatu. Imejengwa upande mmoja wa kiwanja cha marehemu baba yao wauzaji. Upande wa pili bado kuna nyumba ya zamani ya vyumba sita. Dalali anataka advansi wiki hii, na anasema mauziano tutaandikiana serikali ya mtaa. Tumeipenda sana. Tukague nini?
Mama wa wawili, Kimara

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimefanya kazi za ujenzi mjini hapa tangu nikiwa kibarua wa kuchanganya zege, na katika barua yako kilichonishtua ni maneno haya: "upande mmoja wa kiwanja". Anzeni hapo, tailizi zitasubiri.

Warithi wakigawana kiwanja kwa kamba na kusimamisha ukuta katikati, msajili wa hati haujui ukuta huo. Mpaka mgawanyo upimwe, uidhinishwe, na kila kipande kipate namba na hati yake, mnachouziwa bado ni sehemu ya kiwanja cha marehemu. Karatasi ya serikali ya mtaa haiwaingizi kwenye daftari la msajili. Ombeni nakala ya hati, mumpe wakili wenu (si wa dalali) afanye upekuzi: imeandikwa jina la nani, ina mkopo wa benki au zuio, imebakiza miaka mingapi. Hilo la miaka watu hulisahau. Hati hutolewa kwa muda, 33, 66 au 99, na kwenye mitaa ya zamani unaweza kukuta ya miaka 33 imeshakwisha huku nyumba juu yake inang'aa.

Halafu mwone barua ya usimamizi wa mirathi iliyotolewa na mahakama. Muhtasari wa kikao cha ukoo hautoshi. Mjane kama yupo, na kila mrithi, hata anayeishi mikoani, awe amekubali kwa saini. Na kama muuzaji ana mwenzi na nyumba hiyo ndiyo makazi yao, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya mwenzi huyo.

Sasa ardhi yenyewe. Kwenye viwanja hivi vya zamani vyoo vya shimo vilichimbwa, vikajaa, vikafukiwa, vikachimbwa vingine pembeni. Nendeni kwa bibi wa ile nyumba ya vyumba sita, mmsalimie vizuri, mmuulize choo cha kwanza kilikuwa wapi. Kama kilikuwa pale penye chumba chenu cha kulala, na fundi alijaza kifusi tu bila kufika kwenye udongo mgumu, jamvi, yaani zege la chini ya sakafu, litashuka. Gongeni tailizi kwa sarafu chumba kizima, msikilize zinazolia tupu. Angalieni pembe za madirisha: ufa wa mshazari huonekana hata chini ya rangi mpya. Ulizeni pia maji taka yanakwenda shimo la nani, maana shimo likiwa la nyumba mbili mtagombana kila likijaa.

Paa la kuficha ni zuri machoni, lakini mfereji wake umejificha nyuma ya ukuta. Ukiziba, maji yanashukia kwenye jipsamu. Fundi wenu apande juu, nanyi mrudi mvua inaponyesha. Kama mtaa unateremka kuelekea Mkwajuni au Hananasif, fikeni mpaka bondeni mkawaulize wenyeji maji ya mafuriko ya Desemba 2011 yalifika wapi.

Advansi msitoe. Mwambieni muuzaji mnaitaka nyumba kweli, lakini akamilishe kwanza mgawanyo kwa gharama yake, na mkataba wa wakili useme fedha zitalipwa hati ya kipande chenu ikishatoka. Kodi ya ongezeko la mtaji, yaani ile ya faida ya kuuza, ni yake muuzaji. Hilo nalo liandikwe. Dalali akisema kuna mnunuzi mwingine mlangoni, mwacheni anunue.